Uwanja, Kapu na Kadi: Historia ya Usemi Unaojitaja

Katika nchi ya Usukuma, ambayo sehemu yake mojawapo iliyopakana na ziwa ndiyo Ilemela ya leo, pamoja na Kirumba yake na Pasiansi, Bwiru, Sangabuye na Kayenze, mashindano ya ngoma yalikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na ambayo hapana aliyethubutu kuivunja: vikundi viwili hucheza siku moja, wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni kile ambacho watu wamekikimbilia. Hapakuwa na mwamuzi aliyeketi kitini akiandika alama. Hukumu ilikuwa katika miguu ya watazamaji. Kiongozi wa nyimbo, ambaye Wasukuma humwita ningi, aliweza kuiona kwa macho yake hukumu hiyo, wimbo ungali kinywani, ikimsogelea au ikimpa mgongo, na mtu aliyewekwa katika hali ya namna hiyo hawezi kuimba habari za mvua, ng'ombe na mavuno peke yake: hana budi kuimba pia habari za kuimba kwake, na za hao wanaomwacha, na za huyo anayewapokea.

Mapokeo ya Wasukuma yanauanzisha ushindani huo kwa waganga wawili wa karne ya kumi na tisa, Gumha na Ngika, waliogombania nguvu ya dawa na umaarufu wa kucheza, na ambao wafuasi wao wakawa Bagalu na Bagika, jamii mbili za ngoma zilizoigawa nchi kijiji kwa kijiji. Baada ya mavuno, yapata mwezi wa Juni, nafaka ikiwa ghalani na pamba ikielekea sokoni, vikundi viliteremka uwanjani na kila hila ya kuvuta macho: chatu mabegani mwa wacheza nyoka, majembe yaliyorushwa juu na kudakwa kwa mahadhi ya bugobogobo, sanamu za mbao zilizochongwa ili watu wacheke au washtuke, na dawa ambazo kila upande uliamini kuwa zinaweza kuwafunga watazamaji wasiondoke. Lakini macho yakisha kushiba, masikio nayo hudai haki yake. Hapo ningi alijitaja jina lake mwenyewe, akalitaja na la mwalimu aliyemfunza, akamtaja hasimu wake aliyekuwa umbali wa hatua chache tu, na akausifu wimbo ndani ya wimbo uo huo, kana kwamba yeye si mwenye kuuimba bali ni mtu aliyepita njia akausikia na kuduwaa. Majigambo hayo aghalabu yalipita kiasi kwa makusudi, na kupita kiasi huko ndiko kulikochekesha, kwa maana mwimbaji alijua kwamba hadhira yajua kwamba yeye ajua.

Mzaha wa jinsi hiyo, yaani usemi unaoliacha kidogo jambo unalolisema ukajigeukia wenyewe, ukajitaja, ukajisifu, ukajilaumu au ukaomba radhi kwa kuwapo kwake, vijana wengi wa zama hizi wanaudhania kuwa ni mtoto wa simu na intaneti, kwa sababu wamekutana nao humo. Historia yasema vingine. Una nasaba ndefu katika Afrika Mashariki, nasaba iliyopita katika viwanja vya ngoma, katika misafara ya wapagazi, katika tenzi za pwani, katika kurasa za magazeti na katika sauti ya redio. Na mimi ninauona kuwa ni miongoni mwa hidaya kubwa ambazo watu wetu wamejaliwa katika sanaa ya kubishana. Dai langu ni hili, na msomaji atalipima kwa mifano: popote watu wanapobishana mbele ya hakimu ambaye yuko huru kuondoka au kuwakata kauli, usemi hujifunza kujitaja kwa mzaha, na kazi ya mzaha huo ni kumpa hasimu ahadi kwamba haya ni mashindano, wala si uadui.

Tazama kwanza utani. Kabla ya reli, maneno baina ya ziwa na pwani yalisafiri kwa miguu ya wapagazi. Wanyamwezi na majirani zao Wasukuma walichukua pembe za ndovu hadi Bagamoyo wakarudi na vitambaa na shanga, wakipita katika nchi za watu ambao pengine baba zao walipigana nao, au ambao chakula chao kilinunuliwa kwa ugomvi. Na katika safari hizo ukastawi utani baina ya makabila, ambao uliwafanya wageni kuwa jamaa. Mtani alipewa ruhusa ya kumtukana mtani wake hadharani, kumnyang'anya kitu asidaiwe, na hata msibani kuingia katika kaburi lililokwisha kuchimbwa akalala humo mpaka apewe chochote, au kuuigiza mwendo wa marehemu na sauti yake mbele ya wafiwa, nao wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mwaka 1944 Bwana R. E. Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara na anayejulikana zaidi kwa kuchunguza ndege, aliandika makala juu ya utani wa Tanganyika, na wataalamu wengine waliomfuata waliyapokea maswali yake wakayaendeleza.

Wataalamu hao walishughulika sana na kabila lipi linataniana na lipi, na ni kwa sababu gani. Mimi nashughulika na neno moja dogo ambalo mtani halisahau kamwe. Tusi la mtani halisimami peke yake. Kabla yake au baada yake, mtani hujitangaza kuwa ni mtani, na tangazo lile ndilo linaloligeuza tusi likawa mapenzi. Mtu akilitoa tusi lile lile bila ya tangazo, watu hutafuta fimbo. Kwa hiyo ndani ya utani usemi hufanya kazi mbili kwa mara moja: unasema, na unasema kwamba unasema kwa mchezo. Ningi wa uwanjani alipojitaja jina na kulitaja la mpinzani wake alikuwa akifanya jambo lilo hilo, na Bagalu na Bagika, ambao katika nyimbo waliangamizana kila mwaka, walirudi baada ya ngoma katika mashamba yaliyopakana.

Pwani mambo yalianza kwa heshima na taadhima, wala si kwa kicheko. Mtunzi wa utenzi wa kale hakuanza kusimulia kabla hajaagiza vyombo vya kuandikia. Aliomba aletewe wino mzuri na karatasi, akaisifu kalamu, akamtaja Mola, ndipo akaingia katika maudhui. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alipomtungia binti yake wasia mwaka 1858, alianza kwa kumwita mtoto akaribie na wino na karatasi mkononi. Na mwishoni hakuufunga utungo bila ya kueleza habari za utungo wenyewe na mwaka wake wa Hijra. Hiyo ilikuwa ni ada ya fasaha, kama mgeni anavyobisha hodi kabla ya kuingia na kuaga kabla ya kutoka. Utungo ulijitaja kwa sababu ya adabu. Hapana mtu aliyecheka, na haikupasa mtu kucheka.

Kicheko kiliingia pale utungo ulipokuwa silaha. Katika siku za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu 1776 hadi 1840 na aliyekuwa msemaji wa mji wake chini ya utawala wa Wamazrui, mashairi yalitumwa baina ya Mombasa na Lamu kama vile barua, na barua hizo zilikuwa na kejeli, mafumbo na vitisho. Shairi lililotumwa kwa adui lilihitaji kujieleza: limetoka kwa nani, linakwenda kwa nani, na yule ambaye hataweza kulijibu aitwe jina gani. Walakini kejeli ya Muyaka na ya mahasimu wake ilikuwa na damu ndani yake, maana nyuma ya mashairi yale kulikuwa na majahazi na mizinga, na vita vya Shela vya miaka ya 1810 havikupiganwa kwa vina na mizani. Ule mzaha mpole wa kujitaja, ambao mtu anaweza kumwelekezea hasimu asimwache na kidonda, ulingoja mahali pa amani pa kukutania, nao ulipapata katika gazeti.

Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, likiwa ni gazeti la kila mwezi la Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika, na mnamo 1928 reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza, safari ya barua na magazeti baina ya pwani na ziwa ilifupika kuwa ya siku chache. Msomaji wa kando ya ziwa, awe mwalimu, karani wa boma, au mtu wa duka la pamba aliyejifunza kusoma misheni, aliweza sasa kukutana katika ukurasa mmoja na mtu wa Tanga, wa Unguja, wa Ujiji na wa Lindi, watu ambao asingewaona kwa macho maisha yake yote. Gazeti lilikuwa na habari za serikali, mafundisho ya kilimo, historia na hekaya. Lakini ukurasa ambao wasomaji waliupenda kwa moyo, na ambao waliuandika wenyewe, ulikuwa ni ule wa mashairi.

Hapo hakimu alikuwa si umati tena. Alikuwa mtu mmoja asiyeonekana, aliyeketi mbali, mwenye kalamu nyekundu na kapu la takataka kando ya meza yake. Na washairi walilijua kapu lile kana kwamba wamekwisha kulala ndani yake. Ikawa ada kwamba ubeti wa kwanza wa shairi la gazetini haugusi maudhui hata kidogo: unabisha hodi kwa mhariri, unamwamkia, unamwomba nafasi japo kidogo pembeni mwa ukurasa, na unamsihi asilitupe shairi kapuni. Ubeti wa mwisho nao hutangaza kwamba mwisho umefika, kwamba wino unakwisha au nafasi haitoshi, kwamba mtunzi anatua kalamu, na kwamba jina lake na anwani yake ni hivi na hivi. Ile hodi ya tenzi za kale, iliyokuwa ikielekezwa kwa Mola na kwa wasikilizaji wateule, sasa ilimwendea bawabu wa gazeti, na katika safari hiyo ikavua joho lake la sherehe na kuvaa uso wa kucheka.

Naomba msomaji akae kidogo na jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha habari yote. Mtu anayemwomba mhariri asilitupe shairi kapuni hawezi kuonekana na wasomaji isipokuwa shairi limekwisha kuokoka. Ombi lake linasomwa na watu wote katika wakati ambapo halina haja tena. Limekwisha kujibiwa kwa kule kuchapishwa kwake. Kila msomaji aliyelifungua gazeti alilijua hilo, na kila mshairi alijua kwamba wanalijua, lakini ada iliendelea mwezi baada ya mwezi na mwaka baada ya mwaka, ikikua kwa mapambo: huyu alilia kwamba kapu lina njaa, yule aliapa kwamba atarudia kuandika hata likijaa. Ilikuwa ni dhihaka juu ya udhaifu wa mwandishi mbele ya mwenye mamlaka, iliyotungwa kwa mizani kumi na sita na vina viwili, na nyuma yake palikuwa na ukweli mchungu usiosemwa, kwamba mashairi mengi mno yalitupwa kapuni kweli kweli na watunzi wake hawakusomwa na mtu.

Kutoka katika hodi, mzaha ukahamia katika malumbano. Mshairi mmoja aliuliza swali, kama vile mali na elimu ipi bora, au kuoa na ukapera upi una raha, akawaita malenga wa nchi nzima wamjibu. Jibu la kwanza likatoka toleo lililofuata, la pili likalipinga la kwanza, la tatu likawakemea wote wawili kwa kuharibu vina, akaja wa nne aliyejitia usuluhishi, naye akageukiwa na wote. Baada ya miezi michache swali lenyewe lilikuwa limesahauliwa, na malumbano yalikuwa juu ya malumbano: nani alianza, nani hakujibu alichoulizwa, nani amekimbia uwanja, na kwa nini mhariri anaacha jambo hili liendelee. Mtu wa leo anayefikiri kwamba mjadala wa watu wengi kuacha hoja na kuujadili mjadala ni maradhi mapya, angestahili kuketi siku moja na majalada ya magazeti hayo. Wala mimi siyaiti maradhi. Wakati ule watu waliotawaliwa hawakuwa na bunge lao. Mahali pale palipokuwa pamebaki, walijizoeza kusema kwa zamu, kujibu neno kwa neno, na kuitazama namna yao ya kubishana kwa jicho la kucheka, na mazoezi yale hayakupotea bure.

Majina ya kalamu yalikuwa sehemu ya mchezo. Akilimali, ambaye diwani yake ilikuja kutolewa mwaka 1963, alijiita Snow-White, na wasomaji walimjua kwa jina hilo la kigeni kuliko walivyowajua majirani zao. Wengine walijipa vyeo vya ushaha na umalenga ambavyo hapana baraza lililowatunuku, na wapinzani wao walivichukua vyeo hivyo wakavigeuza kuwa mzigo. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtoto wa Ujiji aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam na kisha waziri, alipotoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, aliwapa watu hao kipimo cha pamoja. Na kipimo kikishajulikana na wote, kukivunja mbele ya wote, na kukiri kwamba umekivunja, huwa ni mzaha unaoeleweka pasipo maelezo.

Mwanza ilipata fungu lake katika historia hii kwa njia ya Saadani Abdu Kandoro. Alizaliwa Ujiji mwaka 1926, akawa miongoni mwa washairi waliojulikana sana katika magazeti ya Kiswahili, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa katika Jimbo la Ziwa akikitumikia chama cha TAA, kilichoitangulia TANU, wakati ambapo Paul Bomani alikuwa akiwaunganisha wakulima wa pamba katika ushirika ambao mwaka 1955 ulizaa muungano mkubwa wa vyama vya Victoria. Tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipozaliwa Dar es Salaam, Kandoro alikuwa mmoja wa wajumbe kumi na saba, akitoka jimbo hili. Serikali ya kikoloni iliiogopa Usukuma kuliko sehemu nyingi nyingine. Ilikataa kuandikisha matawi ya TANU humo, na katazo hilo halikuondolewa mpaka 1958.

Katika miaka hiyo ya ukoloni, adabu ya usemi unaojitaja ilipata kazi nzito kuliko ile ya kuchekesha. Ada ya fumbo katika ushairi wa Kiswahili ni kwamba fumbo halijifichi kuwa ni fumbo: hujitangaza, na huwaita wenye akili walifumbue. Kandoro alitunga shairi la siafu wanaomshambulia nyoka, na hapana msomaji wa Kiafrika aliyedhani kwamba amefundishwa habari za wadudu. Wadogo wengi walikuwa wananchi, mkubwa mmoja alikuwa mtawala. Lakini ni vigumu kumpeleka mtu kortini kwa sababu amesimulia mambo ya siafu, na ni vigumu zaidi ikiwa shairi lenyewe linatabasamu na kusema waziwazi kwamba lina maana mbili, kwa maana mwenye kulifumbua mbele ya hakimu ndiye atakayekuwa amesema maneno ya hatari. Kicheko cha msomaji wa Mwanza wakati ule kilikuwa kicheko cha mtu anayejua kwamba ameaminiwa. Mashairi ya Kandoro yalikusanywa kitabuni mwaka 1972, na ninawasihi walimu wa shule zetu wasiyasome kana kwamba yalitungwa ili yajibiwe katika mtihani.

Wakati huo huo, maili chache mashariki ya mji, ngoma za Bagalu na Bagika zilikuwa zikipata mlezi ambaye hapana aliyemtazamia. Padre David Clement, mmisionari wa shirika la Mapadre Weupe aliyetoka Canada, alianza kazi Bujora katika miaka ya 1950, akajenga kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma, akakusanya ngoma, viti vya watemi na zana za wacheza nyoka, ambazo leo ni Makumbusho ya Wasukuma, na akaiunganisha sikukuu ya Ekaristi Takatifu ya mwezi wa Juni na mashindano ya ngoma, ikawa Bulabo. Wamisionari wengi walikuwa wamezikemea ngoma hizo kwa sababu ya dawa na majigambo yake. Kuzipa uwanja karibu na kanisa ni uamuzi uliohitaji mtu aliyefahamu kwamba maringo ya ningi si kiburi cha moyo, bali ni vazi la kazi, na kwamba anayejisifu hivyo mbele ya watu anawaomba wamhukumu.

Baada ya uhuru mzaha ulipungukiwa na pumzi kwa muda, na sababu yake si ngumu kuiona. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1917 na kufa 1969, aliongoza chama cha washairi cha UKUTA na kuibuni ngonjera, majibizano ya kishairi yaliyochezwa jukwaani. Na baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walieneze Azimio hilo kwa wananchi. Ngonjera ziliingia katika kila shule. Zilikuwa na majibizano, zilikuwa na vina, na watoto walizipenda. Lakini mjinga katika ngonjera alikuwa amekusudiwa kushindwa tangu ubeti wa kwanza, na mwerevu amekusudiwa kushinda, na pale ambapo hukumu imekwisha kuandikwa hapana haja ya kumbembeleza hakimu. Nawaheshimu watunzi wale na nia yao njema, na Mnyampala ni fundi ambaye deni lake kwetu halijalipwa. Hata hivyo ubishi ambao mwisho wake unajulikana hauwezi kujicheka, maana hauna hatari yoyote ya kujitania.

Kicheko kikahamia redioni. Katika vipindi vya salamu vya Radio Tanzania Dar es Salaam, na baadaye katika vituo vya watu binafsi vilivyoanza katika miaka ya 1990, kikiwamo kile cha Radio Free Africa cha hapa Mwanza, watu walinunua kadi za salamu, wakajaza jina la mtumaji, mahali alipo, majina ya wasalimiwa, na mwishoni ujumbe. Kanuni zilikuwa hizo tu, na ndani ya kanuni hizo watumaji salamu walijenga dola nzima ya vyeo na lakabu. Mtu ambaye mtaani alikuwa fundi baiskeli, hewani alikuwa na cheo cha kifalme na makao makuu, na wenzake walimsalimu kwa cheo hicho kwa uzito wote, wakaunda na vyama vya watumaji salamu vyenye viongozi na michango ya misiba. Ujumbe, ambao ulikuwa ndio mlango pekee wa kusema jambo, mara nyingi ulizungumza juu ya kadi yenyewe: imechelewa, ni ya mwisho mfukoni, mtangazaji aisome polepole. Aliyesikiliza kwa pupa aliona upuuzi. Aliyesikiliza kwa subira aliwasikia watu wasio na jina mjini wakijitengenezea baraza ambamo majina yao yalitamkwa kila siku, na wakijua kwa furaha kwamba utukufu huo ni wa kujipa.

Tena likaja hili la simu, ambalo sitalichukulia wasaa mrefu kwa sababu kila msomaji analo mkononi. Mtu analeta hoja, na kabla hoja haijajibiwa hutokea mwingine anayeandika kwamba amefika, ameketi, anawangoja wajuzi. Mwingine hutangaza kwamba hoja isiyo na picha ni batili. Wa tatu huwaonya walio mbele kwamba mabishano haya yatafika mbali kwa sababu yeye amekwisha kuyaona mengi ya namna yake. Hakuna hata mmoja aliyeongeza elimu juu ya jambo linalozungumzwa. Wote watatu wamefanya ile kazi ya hodi: wameonyesha kwamba hapa ni barazani, kwamba wamekuja kwa amani, na kwamba wanaujua mchezo. Tofauti iko katika wakati. Mshairi wa Mambo Leo aliisubiri zamu yake mwezi mzima, na ghadhabu yake ilikuwa na siku thelathini za kupoa na kugeuka vina. Mtu wa simu hujibu jikoni uji haujachemka, na mzaha wake hauna budi kuwa mfupi na wa kuazima, tena aghalabu huazimwa na wengi mno siku hiyo hiyo hata ukachujuka.

Mahali ambapo mzaha huu bado unanyweshwa kwa chemchemi yake ni katika mpira. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka uliofuata, na magazeti yetu hayazitaji timu hizo mbili kuwa ni maadui. Yanaziita watani wa jadi, na kwa hiyo ule mkataba wa utani wa wapagazi umepata nyumba katika viwanja ambavyo wapagazi hawakuviota. Mmoja wa watani hao akija Mwanza kucheza CCM Kirumba, vijana wa Ilemela hugawanyika tangu stendi mpaka mwaloni pa samaki, na timu ya mmoja wao ikifungwa, mwenye busara miongoni mwao haingojei aandikwe. Kipenga cha mwisho hakijakauka masikioni, naye amekwisha kutuma habari za msiba wake kwa watani wake wote: anataja saa ya maziko, anaomba mchango wa sanda, anawashukuru waliofika, na anawatangazia kwamba marehemu alikuwa akiugua tangu kipindi cha kwanza. Waliokuja na maneno makali huyakuta yamekwisha kutumiwa na mwenyewe. Wao hucheka, humpa pole, na wiki inayofuata zamu huwa yao.